Alivaa Sare ya Mlinzi, Wenyeji Wake Wakampita Kama Hawamuoni

Wadau, hii ya leo ni ya zamani kidogo ila bado ya moto.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, makumbusho ya Whitney ya New York yalimwalika msanii mweusi wa Marekani, Fred Wilson, aje awatembeze waongoza wageni wa hapo hapo. Jamaa akafika, akasalimiana nao, stori mbili tatu, kisha akawaambia watakutana kwenye chumba fulani cha maonyesho. Wakaenda. Wakasubiri. Wakaanza kumtafuta. Wapi!

Kumbe jamaa yupo mule mule. Alibadili nguo tu, akavaa sare ya mlinzi, akasimama zake. Watu waliotoka kuongea naye uso kwa uso wakampita. Hakujificha wala hakuvaa kinyago. Sare ndiyo ilimmeza.

Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe ya sanaa. Hakuna mchoro wala sanamu, ni mwili wake na macho ya wenyeji wake.

Wilson hakuokota wazo hili hewani. Alizaliwa Bronx mwaka 1954, na enzi za chuo aliwahi kufanya kazi ya ulinzi kwenye makumbusho. Yaani anaijua ile hali ya kusimama kutwa mbele za watu na bado huonekani.

Mwaka 1991 alikuwa ameshatengeneza Guarded View. Alichukua midoli minne, ile ya kuvalisha nguo dukani, yenye rangi ya watu weusi, akaivika sare za walinzi wa makumbusho manne ya New York: Metropolitan, MoMA, Whitney na Jewish Museum. Haina vichwa, haina majina. Ujumbe wake mnaupata: weusi mule ndani wapo, ila wapo kwenye sare.

Mwaka 1992 akahamia Baltimore. Maryland Historical Society wakamfungulia stoo yao, wakamwambia apange maonyesho anavyotaka. Akachukua vyombo vya fedha vya matajiri wa zamani, vinang'aa balaa, na katikati yake akaweka pingu za chuma za watumwa. Kibao kikasomeka tu kwamba ni kazi za metali, 1793 hadi 1880. Pingu hazikuazimwa popote. Zilikuwa stoo humo humo, ni vile hakuna aliyeona zinastahili kukaa kabati moja na birika la bwana mkubwa.

Sasa patamu hapa. Ile midoli minne isiyo na vichwa leo ni mali ya Whitney, makumbusho yale yale. Kuna wanaosema Wilson ameshinda, lawama imeingia hadi sebuleni kwa mwenye nyumba. Wengine wanasema hivyo ndivyo wenye mali wanavyozima kelele: wanazimiliki.

Mimi nitajua nani kashinda nikijibiwa swali moja. Yule mlinzi wa kweli, anayepangiwa zamu kulinda midoli ya walinzi, kuna mgeni anayemsalimia?

Dondosha maoni yako hapo chini. Na kabla hujaandika: mlinzi wa getini kwenu, unalijua jina lake?