Karthala: Mlima wa moto unaotishia maji ya Wangazija

MKAZI wa Mikindani, upande wa bara wa Mombasa, hana sababu ya kuhofia volkano. Kisiwa cha Mombasa kimeketi juu ya matumbawe yaliyogeuka jiwe, na kilima cha Jombo kule Kwale ni mabaki ya miamba ya moto iliyopoa chini ya ardhi zama za dainosaria. Anayetaka kuuona mlima ulio hai katika mwambao huu sharti avuke bahari hadi Ngazidja, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, ambacho watu wake wana udugu wa lugha na dini na Waswahili wa Mombasa tangu jadi.

Mlima Karthala una urefu wa mita 2,361 na umelipuka mara nyingi tangu karne ya 19. Mwaka 1903 gesi yake iliua watu 17. Mwaka 1977 zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka, iliteremka ubavuni na kukiangamiza kijiji cha Singani.

Hata hivyo, adha ya kila siku ya Wangazija si moto bali ni maji. Mwamba wa kisiwa hicho ungali mpya na umejaa matundu. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini hunywewa mara tu inapogusa ardhi, na hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Ndiyo maana vijijini watu hujenga mabirika ya kukingia mvua ya paani.

Humo ndimo majivu yalimotua mwaka 2005. Mlipuko wa Aprili uliwakimbiza watu wapatao 10,000. Ule wa Novemba ukachafua tena mabirika, na wengi wakakosa maji ya kunywa. Majivu yaliyobaki mlimani nayo yaligeuka matope kila iliponyesha mvua kubwa miaka iliyofuata.

Watu hawahami, na si kwa ukaidi. Udongo wa volkano una rutuba, nao ndio unaolisha migomba, vanila na milangilangi ya kutengenezea manukato.

Tangu mwaka 1988 kituo cha Moroni hupima mitetemo ya mlima huo. Onyo likitolewa, anayebaki nyumbani hana budi kwanza kulifunika birika na kuling'oa bomba linaloshuka kutoka paani, kabla majivu hayajaanza kuanguka.