Injini Ikizima Ukipaa, Usigeuke

Kila ndege ndogo ikianguka karibu na uwanja, lazima kuna mtu ataandika kwa comments: "Si angerudi tu?" Wasee, hiyo "si angerudi tu" imeua marubani kwa zaidi ya miaka mia moja. Wacha niwapeleke nyuma kidogo.

Mwaka ni 1917, Uingereza, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi limeleta ndege mpya ya kivita, Sopwith Camel. Ndogo, kali, kiti kimoja. Injini yake haikutulia mahali pamoja kama ya Probox. Yote nzima ilizunguka pamoja na propela. Ukishapaa tu, ilibidi upunguze petroli kwa mkono, la sivyo injini inakabwa na mafuta na kuzima. Sasa fikiria kijana ako ndani peke yake mara ya kwanza, juu tu ya miti, halafu ghafla kimya. Uwanja uko nyuma yake. Mwili wote unamwambia arudi nyumbani. Wanafunzi wengi walikufa na Camel dakika chache baada ya kupaa, hadi ikabidi watengeneze nyingine ya viti viwili ya kufundishia.

Mbona kugeuka ni noma hivyo? Ndege inashikiliwa juu na hewa inayopita kwenye mabawa. Injini ikizima pua ikiwa imeinuka, mwendo unaisha kwa sekunde chache, kwa hivyo kitu cha kwanza ni kushusha pua, hata kama ardhi iko hapo tu. Ukiilaza ndege digrii 45 ili ugeuke bila kupoteza kimo, mabawa yanabeba asilimia 41 zaidi ya uzito wa kawaida, na mwendo wa chini kabisa wa kubaki hewani unapanda karibu asilimia 19. Kumbe unahitaji mwendo zaidi wakati huna injini ya kukupa. Na digrii 180 hazitoshi: ukimaliza kugeuka uko kando ya barabara ya ndege, si juu yake. Ongeza upepo uliopaa ukiukabili, sasa unakusukuma kutoka nyuma.

Mtu ninayemheshimu kwa hii hadithi ni Robert Smith-Barry. Alikuwa amevunjika miguu kwa ajali ya ndege Ufaransa 1914, na alichoka kupokea vitani marubani wasiojua kuruka. Walimu wengi wa wakati huo waliwaogopa wanafunzi wao, wakawaita "Huns", jina la matusi walilowaita Wajerumani. Smith-Barry alipopewa shule ya Gosport, alimweka mwanafunzi na mwalimu kwenye Avro 504 yenye usukani mara mbili, na mrija wa kuongelea katikati yao. Hakuwakataza hatari. Aliwapeleka juu kabisa, ndege ikaanguka ikizunguka makusudi, wakajifunza kuitoa huko.

Hapa kwetu hesabu ni mbaya zaidi. Wilson, uwanja unaobeba jina la Florence Wilson aliyeanzisha Wilson Airways 1929, uko kama futi 5,500 juu ya bahari. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, so unapaa Nairobi ukiwa ushapoteza kama asilimia 15 kabla chochote kiharibike. Upande mmoja ni Kibera, mwingine ni mbuga. Ndiyo maana rubani makini anasema kwa sauti kabla ya kuachilia breki: ikizima tukiwa chini, tunasimama, ikizima tukiwa hewani na kimo hakitoshi, tunaenda mbele, kulia kidogo au kushoto kidogo. Bawa likivunjika kwa miti, hiyo ni shida ya bima.

Sisemi kurudi hakuwezekani kamwe. Ukiwa na kimo cha kutosha inawezekana, na FAA ya Marekani siku hizi inawahimiza walimu wawaonyeshe wanafunzi ni lini inafaa na ni lini haifai. Lakini hicho kimo unakijua kwa sababu umekipima ukifanya mazoezi juu sana, na ndege hiyo hiyo, ukahesabu futi ngapi zimepotea. Aliyeangukia shambani na akatoka akitembea hakushindwa kurudi. Aliamua bado akiwa chini, kabla ya kupaa.