Kiinua mgongo: haki yako kampuni inapopunguza wafanyakazi

Kiwanda cha kuchambua pamba kinapobadili mwenyewe, au kampuni inapofunga tawi, habari huanza kama uvumi getini. Kisha siku moja unaitwa ofisini na kupewa karatasi usaini. Msikilizaji wetu wa Sola na Simiyu nzima, kabla hujashika kalamu, fahamu haya.

Kwanza mashauriano
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi, teknolojia au mabadiliko ya muundo. Lakini kifungu cha 38 kinamtaka kwanza atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe: nani ataondoka, kwa kigezo gani, lini, na atalipwa nini.

Kiinua mgongo ni kiasi gani?
Ukiwa umefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi, unastahili mshahara wa msingi wa siku 7, si chini ya hapo, kwa kila mwaka uliokamilika. Miaka inayohesabiwa haizidi 10.

Mfano: mshahara wa msingi ni shilingi 260,000 kwa mwezi, kazi siku 6 kwa wiki. Siku moja ni kama shilingi 10,000, kwa hiyo mwaka mmoja ni 70,000. Aliyefanya kazi miaka 8 na miezi 9 anahesabiwa miaka 8: shilingi 560,000. Aliyefanya miaka 14 anahesabiwa 10: shilingi 700,000.

Ukikataa bila sababu ya msingi kazi nyingine uliyopewa na mwajiri, unaweza kukikosa.

Si hicho peke yake
Dai pia:
- mshahara wa siku ulizofanya kazi;
- likizo ambayo hukuchukua;
- malipo ya notisi, kama hukupewa siku 28 (kwa anayelipwa kwa mwezi);
- usafiri wako na mizigo, kama uliajiriwa mahali pengine;
- cheti cha utumishi.

Michango yako ya NSSF ni jambo lingine. Haiondoi kiinua mgongo.

Siku zinahesabiwa
Ukiona umeachishwa isivyo halali, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Kwa madai mengine, kama malipo tu, ni siku 60. Wengi hupoteza haki wakisubiri ahadi ya "njoo wiki ijayo". Tunza mkataba, hati za mshahara na barua ya kuachishwa. Karatasi usiyoielewa, omba nakala na usomewe kwanza.