La Marquise: Motokaa ya Mvuke kama Ushahidi wa Historia

Mwaka 1884, nchini Ufaransa, bwana mmoja wa ukoo wa kikabaila, Albert de Dion, pamoja na mafundi Georges Bouton na Charles-Armand Trépardoux, waliunda gari dogo la mvuke lenye viti vya watu wanne, wawili wakiwapa wenzao migongo. De Dion aliliita La Marquise kwa heshima ya mama yake. Karl Benz aliomba hataza ya gari lake la petroli baadaye, mwaka 1886.

Historia ya motokaa huelezwa mara nyingi kana kwamba ilianza na petroli. La Marquise yapinga maelezo hayo kwa vitendo: gari hilo laweza kufikia mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Lakini kuliendesha hudhihirisha pia udhaifu wake. Dereva hana budi kuwasha moto na kungoja maji yachemke. Tena lita 150 hivi za maji humfikisha yapata kilometa 32 tu. Hapo ndipo tuelewapo kwa nini petroli ilishinda. Trépardoux, aliyeshikilia mvuke, aliwaacha wenzake mwaka 1894. Nao, wakitumia petroli, walikuwa miongoni mwa waundaji wakubwa wa motokaa duniani kufikia mwaka 1900.

Uhai wa gari hilo una gharama yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza lilinyang'anywa sehemu zake za shaba, likakaa miaka mingi bila kwenda. Lilipofufuliwa, ilibidi sehemu hizo ziundwe upya. Ndipo likaendeshwa mara 4 katika safari ya magari ya kale kutoka London hadi Brighton. Mwaka 2011, huko Hershey, Marekani, liliuzwa mnadani kwa dola 4,620,000.

Yupo atakayesema kwamba kitu cha thamani hiyo kingetunzwa bila kuguswa, kwa kuwa kila safari hulichakaza na kila kipuri kipya hupunguza uasili wake. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, chuma kilichonyamaza hutuonyesha umbo peke yake, ambapo mashine iliundwa ili itende kazi. Anayelihifadhi gari huku likienda hupoteza sehemu ya chuma cha kale, lakini huokoa maarifa ya kuliendesha, ambayo hayahifadhiki kabatini.