Kushusha Thamani Forodhani

Shilingi hushuka thamani, lakini ankara hushushwa. Kushuka ni mambo ya soko. Kushusha kunataka mtu aliyekusudia. Kwa hiyo "kushusha thamani" ni istilahi inayofaa zaidi kuliko "bei ya chini", inayotumiwa ovyo hata na wafanyabiashara wenyewe. Aliyenunua simu kwa punguzo kubwa la kweli hana hatia. Mwenye hatia ni yule anayetamka forodhani bei ambayo hakuilipa.

Vifaa vya elektroniki huvutia hila hii kwa sababu runinga mbili zenye umbo moja zaweza kupishana bei mno, na jicho lisijue. Tuseme mzigo wa runinga wa dola 10,000, pamoja na nauli ya meli na bima, umetamkwa kuwa wa dola 4,000. Ushuru ukiwa 25%, na VAT ya 18% ya Tanzania Bara ikitozwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo, serikali hupata dola 1,900 badala ya 4,750, mbali na tozo nyingine. Hazina imeibiwa, ndiyo. Lakini anayeniuma zaidi ni mwenye duka la jirani aliyetamka kweli, ambaye sasa hawezi kushindana.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaanza na bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa. Ofisa akiitilia shaka, huomba ushahidi, kama vile mkataba na hati za malipo ya benki. Usipomridhisha, hutumia thamani ya bidhaa zilezile, kisha zinazofanana, na kuendelea hivyo kwa mpangilio uliowekwa.

Tamko la uongo ni jinai: kifungu cha 203 kinaweka kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Ushuru uliopungua nao hudaiwa. Kwa kawaida dai hilo lina kikomo cha miaka mitano, ila penye ulaghai kikomo hakipo, na mzigo ulioondoka bandarini zamani waweza kumrudia mwenyewe kama deni.

Mwagizaji mkweli aliyepandishiwa thamani naye ana njia: ndani ya siku 30 anaweza kumwomba Kamishna kwa maandishi aupitie upya uamuzi. Hati za benki alizotunza ndizo zitakazomtetea.