Mahindi ya kaka, na karatasi ya mwaka 1940 na kitu

Nimepotea kidogo humu, kazi za gazeti zimenibana. Leo nimerudi na habari iliyoanzia kwenye simu ya usiku.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Houston, Texas, mwaka wa kumi na mbili sasa. Juzi juzi alinunua nyumba yake ya kwanza. Si ya kifahari, ni ya zamani, imejengwa miaka ya arobaini, vyumba vitatu na uwanja mbele. Mtu wa kwetu akiona ardhi iko wazi inamuwasha mikono. Akapanda mistari mitatu ya mahindi na tuta la mchicha. Mahindi yalipofika magotini ikaja barua: ng'oa ndani ya siku kadhaa, la sivyo faini.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nyumba yangu, ardhi yangu, deni la benki langu. Halafu jirani ananipangia cha kupanda?"

Nikacheka. Nilidhani ni halmashauri ya jiji. Hapana. Barua ilitoka kwenye chama cha wamiliki wa nyumba wa mtaa wake. Ukinunua nyumba kwenye mtaa kama huo umeshakuwa mwanachama, utake usitake. Unalipa ada, unafuata masharti: rangi ya ukuta, urefu wa nyasi, pipa la taka litoke lini, gari liegeshwe wapi. Leo Marekani ina vyama vya namna hii zaidi ya 350,000, na watu zaidi ya milioni 70 wanaishi chini yake. Ni zaidi ya Watanzania wote!

Kilichonifanya niandike ni simu ya pili. Kaka alikuwa amekwenda kuchimbua makaratasi ya nyumba, atafute sharti linalokataza mahindi. Akalipata. Kurasa mbili mbele akakuta sharti jingine: nyumba hii isikaliwe na mtu yeyote asiye mweupe, isipokuwa mtumishi wa ndani anayemhudumia mwenye nyumba mweupe.

Alinisomea taratibu, halafu wote tukanyamaza.

Swali likanikaa kichwani: sharti la mahindi na sharti la rangi ya mtu yamefikaje kwenye karatasi moja?

Haya, turudi nyuma. Mwaka 1808 bwana mmoja wa London, Charles Tulk, aliuza bustani iliyokuwa katikati ya Leicester Square kwa sharti kwamba ibaki bustani. Ikauzwa tena na tena mpaka ikamfikia bwana Moxhay, akataka kujenga. Akasema mimi sikumwahidi Tulk chochote. Mwaka 1848 mahakama ikamjibu: ulinunua ukijua sharti lipo, basi linakufunga. Hapo ndipo wazo lilipopata nguvu, kwamba ahadi inaweza kushikamana na ardhi yenyewe, ikamfuata kila anayeinunua kama kivuli.

Wamarekani walilipenda wazo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Kansas City, mfanyabiashara wa viwanja J.C. Nichols alilitumia kuliko wengi. Alipima mitaa mizuri yenye miti na barabara za kupinda, akaandika masharti ya kila kitu, na akaunda vyama vya wenye nyumba vya kuyasimamia. Masharti yake yalijirudia yenyewe muda ukiisha, mpaka wakazi walio wengi waamue mapema kuyafuta. Mnafahamu jinsi ilivyo kazi kukusanya majirani kwa jambo lolote. Kwa hiyo yakabaki. Na ndani yake lilikuwemo sharti la kuzuia watu weusi.

Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza miji kutunga sheria za kutenga mitaa kwa rangi, katika kesi iliyotoka Louisville, Kentucky. Mtu angedhani mambo yameisha. Kumbe kilichokatazwa kwa serikali kilihamia kwenye mikataba ya watu binafsi. Mwaka 1926 mahakama hiyo hiyo ikakataa kuigusa mikataba hiyo. Mwaka 1934 ukaanzishwa mpango wa serikali wa kudhamini mikopo ya nyumba, na maofisa wake wakayahesabu masharti ya rangi kuwa sifa nzuri ya mtaa. Maana yake nyumba yenye ubaguzi kwenye hati ilipata mkopo kirahisi zaidi!

Twende Levittown, nje kidogo ya New York, 1947. William Levitt alijenga nyumba zaidi ya 17,000 kwa miaka michache, bei ya askari aliyetoka vitani. Masharti: kata nyasi kila wiki, usijenge uzio, usianike nguo wikiendi. Ukisahau nyasi, kampuni ilileta mtu wa kukata na bili unaletewa wewe. Kwenye mikataba ya mwanzo lilikuwemo sharti la kutokaribisha wakazi wasio weupe, isipokuwa watumishi wa ndani. Nyasi, uzio, nguo, watu. Vyote kwenye orodha moja, kana kwamba ni vitu vya aina moja vinavyoharibu sura ya mtaa.

Aliyelivunja hili nguvu ni baba wa watoto sita, J.D. Shelley. Mwaka 1945 yeye na mkewe Ethel walinunua nyumba St. Louis, Missouri, mtaa wa Labadie. Hawakujua kwamba mwaka 1911 wenye nyumba 30 kati ya 39 wa eneo lile walisaini mkataba wa miaka 50 wa kuwakataa watu weusi na wa asili ya Asia. Jirani aitwaye Kraemer akawashtaki. Tarehe 3 Mei 1948 Mahakama Kuu ikaamua, majaji sita kwa sifuri. Majaji watatu walijitoa, na inasemekana nyumba zao wenyewe zilikuwa na masharti kama hayo.

Lakini sikilizeni walichoamua. Hawakusema karatasi ile ni haramu. Walisema mahakama haiwezi kutumika kuitekeleza. Karatasi ikabaki kwenye faili. Ubaguzi wenyewe ulipigwa marufuku na sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, iliyosainiwa wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa.

Jibu la swali langu ndilo hilo. Kwenye hati ya kaka sharti la watu lilikufa, sharti la nyasi likaendelea kuishi. Mashine ni ile ile, imeng'olewa jino moja.

Na Houston mashine hii ina kazi kubwa kuliko kwingine. Ni jiji kubwa lisilo na sheria ya kawaida ya kugawa maeneo, kwamba hapa makazi na pale viwanda. Wapiga kura waliikataa mwaka 1948, 1962 na tena 1993. Kwa hiyo masharti ya kwenye hati ndiyo yanayozuia mtu asikufungulie gereji kando ya dirisha la chumba chako. Nikamwuliza kaka, ungependa gereji? Akasema hapana. Basi na wewe unayataka masharti, kaka. Hutaki ya mahindi tu.

Tatizo ni meno yaliyobaki. Texas inasifika kwa katiba inayolinda nyumba ya familia isichukuliwe kwa madeni ya hovyo hovyo. Lakini mwaka 1987 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba chama kinaweza kuuza nyumba ya mwanachama asiyelipa ada, kwa sababu sharti lilikuwepo kabla yeye hajanunua. Kivuli cha Leicester Square hicho! Mwaka 2008, mjini Frisco, nyumba ya askari aliyekuwa Iraq yenye thamani ya takriban dola 300,000 ilipigwa mnada kwa dola 3,500 kwa sababu ya ada isiyofika dola 1,000. Zilipigwa kelele nchi nzima. Mwaka 2011 bunge la Texas likabadilisha sheria: chama kitafute kwanza amri ya mahakama.

Tusicheke sana tukidhani haya ni ya Wamarekani. Dar es Salaam hii ilipangwa na Wajerumani, kisha Waingereza, kwa kanda tatu zilizotofautishwa kwa aina ya jengo, si kwa rangi ya mtu. Kwenye karatasi ilikuwa habari ya matofali na mabati. Matokeo yake tunayaita mpaka leo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Na sasa maghorofa ya kuuziana vyumba yanaota kila kona. Mwaka 2008 Bunge letu lilipitisha sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, na wenye sehemu hizo wanakuwa na chama chao. Wangapi wanaonunua wanasoma masharti ya chama kabla ya kusaini?

Kaka aling'oa mahindi. Mchicha akauhamishia nyuma ya nyumba. Halafu akaenda kwenye mkutano wa chama. Akakuta watu tisa, na nyumba ziko zaidi ya mia mbili. Wale tisa ndio wanaopanga urefu wa nyasi za wote. Amejiandikisha kugombea nafasi mwakani.

Limebaki lile sharti la pili. Tangu mwaka 2021 sheria ya Texas inamruhusu mwenye nyumba kuomba maneno ya kibaguzi yaondolewe kwenye kumbukumbu za ardhi. Shemeji anataka yaondolewe leo, hataki kulala juu ya karatasi inayomwita mtumishi. Kaka anasema yabaki, watoto wakikua wasome wenyewe, wajue mtaa wao ulikuwa mzuri kwa ajili ya nani. Wanabishana mpaka sasa.

Mimi namuunga mkono shemeji, ila kwanza watoe nakala wakaiweke kwenye fremu sebuleni. Chama hakijapiga marufuku fremu... bado.

Wewe ungefanyaje?