Mume Akiwa Bado Amelala, Mke Akachukua Gari

Wasee, kila wiki naona video ya kapo fulani wakizunguka Ulaya. Asubuhi wanaendesha baiskeli mjini, mchana wako kwenye makumbusho ya magari wakipiga selfi kando ya lile gari la Benz la magurudumu matatu. Poa sana. Lakini karibu kila video inataja jina moja tu: Carl Benz. Hapo ndipo nina shida.

Twende Mannheim, Ujerumani, kwa sababu baiskeli na gari zote zina mizizi huko. Tarehe 12 Juni 1817, Karl Drais alitoka mjini humo akiwa juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali. Unakikalia, unasukuma ardhi kwa miguu. Hiyo ndiyo nyanya ya baiskeli.

Miaka zaidi ya 50 baadaye, Carl Benz akafungua karakana kwenye mji huohuo. Mshirika wake akawa mzigo, biashara ikaanza kuzama. Nani aliiokoa? Mchumba wake, Bertha Ringer. Aliomba familia yake impe mahari mapema, maana kwao pesa hizo zilitoka upande wa bibi harusi, na mshirika akalipwa aende zake. Wakaoana 1872.

Gari lilipokuja kutengenezwa, magurudumu yake ya waya yalikuwa kama ya baiskeli. Tarehe 29 Januari 1886 likaombewa hataza. Jina kwenye karatasi? La Carl peke yake.

Shida ni kwamba watu hawakulinunua. Basi asubuhi moja ya Agosti 1888, Bertha akawachukua vijana wake Eugen na Richard, wakatoka na gari bila kumwambia baba. Safari ilikuwa Mannheim hadi Pforzheim, kwa mamake, kama kilomita 106. Hakuna petroli stesheni hata moja njiani! Mafuta yalipoisha, alinunua dawa ya kutoa madoa, ligroini, kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya ukaanza kuleta shoti, akaufunika kwa mkanda wa soksi zake. Breki zikaisha, fundi viatu akazipigilia ngozi. Milima ikishinda injini, vijana wanashuka kusukuma.

Jioni wakafika, Carl akapigiwa simu ya maandishi. Baada ya safari hiyo gari likaongezewa gia ya kupandia milima. Yaani Bertha alilipia, akalitangaza, na akalifanyia majaribio.

Sasa angalia hii: Carl aliingizwa kwenye Automotive Hall of Fame kule Marekani mwaka 1984. Bertha? 2016. Miaka 32 baadaye.

Kuna wasee watasema eti alimsaidia tu mumewe. Kusaidia ni kushika tochi, jameni. Kuweka pesa yako yote kabla ya harusi ni kuwekeza.

Kwa hivyo mkifika Ladenburg, kwenye kiwanda chao cha zamani ambacho sasa ni makumbusho, pigeni picha, lakini andikeni majina mawili chini yake. Na kama wewe na mpenzi wako mnaanza biashara hapa Nairobi, majina yote mawili yaingie kwenye karatasi za usajili kabla pesa haijaingia.